Boti ya faiba iliyotumika: dalili za ubovu, vyanzo vyake, na lini uachane nayo

Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: plaiwudi ya ukuta wa tezi (nyuma ya boti) unaobeba mashine, mihimili inayokwenda chini ya deki kutoka omo (mbele) hadi tezi, na ubao uliobanwa katikati ya tabaka mbili za deki. Ndiyo maana ubovu mwingi wa gharama kwenye boti kongwe huanzia pahali padogo, tundu la skrubu lisilozibwa au mkato wa jelikoti (ngozi ngumu ya nje ya faiba), maji yakapenya na kukaa miaka bila mtu kuyaona. Rangi mpya inaficha hayo yote. Na boti ya kwenda bahari kuu haina nafasi ya kuvumilia udhaifu ambao ungevumilika karibu na ufuo, kwa sababu ukuta wa tezi hauvunjiki siku ya bahari shwari.

Kagua boti ikiwa nje ya maji, mifuniko yote ya deki ikiwa wazi. Mwombe muuzaji asiwashe mashine kabla hujafika na asikaushe ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika). Ukifika, anza kwa kushika kichwa cha mashine kwa mkono. Ikiwa kina joto, huenda inasumbua kuwaka asubuhi na mwenyewe anajua. Beba nyundo ndogo ya plastiki, tochi, bisibisi, rula iliyonyooka ya mita 1.5, mita ya volti, geji ya kompresheni, chupa safi ya kioo na kipande cha chaki cha kuwekea alama.

Ukuta wa tezi unacheza, una nyufa, au unatoa machozi ya kutu

Anzia hapa, kabla ya mashine na kabla ya bei. Mashine ya nguvu farasi 150 ina uzito wa takriban kilo 200 au zaidi, na kila wimbi huuzidisha mzigo huo.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Inua mashine hadi nusu, simama nyuma, shika pezi lililo chini ya propela, kandamiza kwa uzito wako kisha achia. Mwenzako aangalie ukingo wa juu wa ukuta. Ukuta usio na ubovu hausogei kwa kiasi cha kuonekana. Ukiona mashine inacheza lakini ukuta umetulia, tatizo liko kwenye bushi za mashine, nalo ni jepesi kuliko la ukuta. Ukuta wenyewe ukienda na kurudi, au nyufa za pembeni zikifunguka na kufunga, mbao za ndani zimechoka.

Vyanzo, kuanzia kilichozoeleka zaidi:

1. Maji yamepita kwenye matundu ya boliti za mashine. Utaona kutu au maji ya kahawia yakichuruzika chini ya boliti, na washa zilizozama ndani ya faiba.
2. Maji yamepita kwenye tundu la kizibo cha kumwagia maji. Bomba dogo la shaba lililo ndani ya tundu hilo huchakaa, na mbao iliyolizunguka hunywa maji kila boti inapoelea.
3. Skrubu za vifaa vya kupimia kina, ngazi na pampu zimefungwa bila silanti (gundi ya kuzuia maji).
4. Mashine nzito kuliko kiwango cha boti imefungwa, ukuta ukapasuka kwa mzigo hata kama mbao zilikuwa kavu.

Gonga kwa nyundo kwa mistari, sentimita 5 kwa 5, ndani na nje. Pahali pazima pana mlio mkali na nyundo inarudi mkononi. Pahali palipooza au palipoachana pana mlio mfu, mzito. Zungushia chaki. Ukimaliza, umbo la alama lenyewe litakuonyesha maji yalikotokea: kuzunguka boliti, kuzunguka kizibo, au kutoka juu kwenda chini.

Uthibitisho ni tundu. Kwa ruhusa ya mwenye boti, toboa kwa biti ya milimita 6 upande wa ndani, chini kabisa karibu na kizibo na pembeni, ukiwa umefunga utepe kwenye biti ili usipite milimita 25. Vumbi jeupe kavu lenye harufu ya mbao ni habari njema. Vumbi jeusi, lililolowa, linaloganda kwenye biti, lina maana moja. Ziba tundu kwa epoksi siku hiyohiyo, mkinunua msinunue. Mwenye boti akikataa kutobolewa, hiyo ni haki yake, lakini basi bei ihesabiwe kana kwamba ukuta umeoza.

Matengenezo halali ni kukata ngozi ya ndani, kutoa mbao yote mbovu, kuweka plaiwudi mpya ya baharini (kwa kawaida tabaka mbili za milimita 18 zilizounganishwa), kisha kufunika kwa mikeka ya faiba inayopanda kwenye kuta za pembeni, kila tabaka likizidi lililotangulia kwa milimita 25 hadi 50. Wapo wanaotoboa matundu mengi na kumimina epoksi. Kwa mbao iliyolowa, hilo halisaidii: mbao iliyojaa maji hainywi epoksi, na unachopata ni kifuniko kigumu juu ya uozo unaoendelea.

Wakati wa kufunga mashine tena, usiruhusu boliti iguse mbao. Kwa boliti ya milimita 12, toboa tundu la milimita 18, lijaze epoksi iliyokolezwa, iache ikauke kabisa, kisha toboa upya kwa milimita 13 katikati yake. Ukipaka na silanti, hata ikichoka baadaye, maji yatakutana na epoksi na si mbao.

*Simama hapa:* kama mlio mfu umezidi theluthi ya ukuta, au nyufa zimeshuka hadi kwenye tumbo la boti, usiipeleke majini hata kwa majaribio. Muite fundi wa faiba au mkaguzi wa vyombo vya majini kabla ya kutoa pesa yoyote.

Deki inabonyea ukikanyaga

Tembea deki yote pekupeku, polepole, kisigino kikitangulia. Macho hayaoni kinachosikika mguuni.

Mara nyingi ni ubao wa deki peke yake: maji yameingia kwenye skrubu za viti, za vishikio vya fimbo za kuvulia, au kwenye kingo za mifuniko zilizoachwa wazi kiwandani. Dalili yake ni kubonyea mahali pamoja, karibu na kifaa kilichofungwa. Hili linatengenezeka. Sehemu hukatwa, mbao hubadilishwa, faiba inarudishwa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: deki imeachana na mihimili iliyoibeba. Ukikanyaga inashuka, na unasikia kugonga chini yake. Na ya tatu ndiyo ya kuogopa, mihimili yenyewe imeoza. Fungua mfuniko, mulika, gonga mihimili kwa urefu wote unaofikika. Angalia hasa vitobo vidogo vya kupitishia maji chini ya mihimili, maana vingi vilitobolewa na mbao ikaachwa uchi. Sukuma ncha ya bisibisi ndani ya vitobo hivyo. Ikizama kama kwenye sabuni, mihimili imekwisha.

Mihimili ndiyo uti wa mgongo wa boti. Kuibadilisha ni kung'oa deki nzima, na boti isiposhikiliwa vizuri wakati huo, tumbo lake hupinda na haliwezi kunyooshwa tena. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Maji yanajaa ngamani

Kwanza yaonje kwa ncha ya ulimi, ikiwa hayana mafuta. Yakiwa matamu, yaani ya mvua tu, tatizo ni mifuniko na deki. Yakiwa ya chumvi, endelea:

1. Kizibo kimechakaa au hakikazwi sawa.
2. Mipira ya tangi la chambo hai na ya matundu ya deki imepasuka au klipu zimeoza. Vuta kila mpira kwa mkono. Kila mpira ulio chini ya mstari wa maji unastahili klipu mbili za chuma kisichopata kutu.
3. Matundu ya kutolea maji ya deki yako chini ya maji. Hili hutokea sana pale mashine ya mipigo minne ilipowekwa mahali pa mashine nyepesi ya mipigo miwili (ile ya kuchanganya oili na petroli). Tezi imezama, na bahari inaingilia pale ambapo maji yalipaswa kutokea.
4. Mkuku (mstari wa katikati chini ya boti) umelika kwa kuburutwa juu ya mchanga na mawe. Chuchumaa uutazame kuanzia omo: ukiona nyuzi za faiba, jelikoti iliisha zamani.
5. Ufa wa tumbo.

Kutafuta tundu usiloliona: kausha ngama kabisa, pakaza unga wa chaki nje ya tumbo, kisha mwaga maji matamu ndani kidogokidogo boti ikiwa kwenye trela, ukiangalia nje panapotoka jasho. Usizidishe kina cha sentimita chache. Lita 100 ni kilo 100, na trela au magogo hayakuandaliwa kwa mzigo huo.

Pampu ya ngama ijaribiwe pia, kwa maji na si kwa sauti. Mwaga ndoo ya lita 20, inua kielea kwa mkono, hesabu muda. Kielea kinapaswa kuiwasha pampu hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kwa waya wake wenyewe wenye fyuzi kutoka kwenye betri.

Boti ni nzito, imezama kuliko inavyopaswa, au inalala upande

Toa vyanzo rahisi kwanza: tangi la mafuta, betri na zana zilizorundikwa upande mmoja. Zikiondolewa na boti bado imelala, fikiria povu la kuelea lililojazwa chini ya deki. Povu kongwe hunywa maji, na maji hayo hayatoki kwa pampu. Ishara yake ni boti iliyokaa nje siku kadhaa na tundu la kizibo bado linadondosha. Njia ya uhakika ni mzani wa magari: pima boti na trela, toa uzito wa trela, mashine na mafuta, linganisha na uzito wa kiwanda. Tofauti ya kilo mia mbili au tatu isiyo na maelezo ni maji. Kulikausha povu lililofungiwa haiwezekani kwa vitendo. Hulazimu kung'olewa, na ukifika huko utakuta na hali halisi ya mihimili.

Malengelenge chini ya mstari wa maji

Yakwangue machache. Ukikuta jelikoti nzima chini yake, ni rangi tu iliyoachana, piga msasa na upake upya. Yakiwa ndani ya jelikoti, maji yamepenya na kuchanganyika na mabaki ya kemikali za resini, yakatengeneza kimiminika chenye utelezi na harufu kama ya siki. Vaa miwani ya kazi kabla ya kulitoboa lolote, kwa sababu hutoka kwa shinikizo na hukimbilia machoni.

Malengelenge machache yenye ukubwa wa kifungo cha shati yasikufukuze kwenye boti nzuri. Yafungue, osha kwa maji matamu mara nyingi, acha yakauke kwa wiki kadhaa, jaza kwa epoksi iliyokolezwa, kisha paka tabaka za epoksi za kuzuia maji. Kumbuka kwamba epoksi hushika vizuri juu ya faiba ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi. Ukishaanza na epoksi, malizia na epoksi.

Kama ni mamia, au ukigonga kati yake unapata mlio mfu, tabaka za faiba zimeachana. Kazi hiyo ni kuchuna tumbo lote na kulikausha kwa miezi.

Nyufa kwenye jelikoti

Umbo la ufa linaeleza chanzo. Nyufa zinazotawanyika kama nyota zimetokana na kugongwa. Zinazokwenda sambamba, hasa kwenye pembe na pale kuta zinapokutana na deki, zinatokana na kupinda. Zinazozunguka kishikizo cha kamba zinatokana na kuvutwa bila bamba la kukitegemeza kwa nyuma. Na mtandao mwembamba ulioenea sehemu kubwa bila mpangilio mara nyingi ni jelikoti iliyopakwa nene mno kiwandani, jambo la sura tu.

Paka wino juu ya ufa, ufute, kisha kwangua kidogo kwa ncha ya msasa. Wino ukiisha pamoja na jelikoti, ufa ni wa juu. Ukiendelea ndani ya faiba, eneo hilo linahitaji kukatwa na kujengwa upya kwa mteremko wa 12 kwa 1: faiba ya milimita 6 inataka mteremko wa milimita 72 kila upande. Wanaofupisha mteremko huo hurudi kutengeneza palepale.

Resini ya poliesta huchanganywa na kigandisho kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. *Onyo:* kigandisho kisikutane na kiharakishi cha kobalti wala asetoni moja kwa moja, kwani huweza kulipuka. Fanya kazi penye hewa, mbali na moto, ukiwa na barakoa ya kemikali, glavu na miwani.

Harufu ya petroli

Acha kila kitu. Usibonyeze swichi, usiwashe pampu, usichomoe betri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia ngamani, na cheche moja inatosha. Fungua mifuniko yote, watu washuke, acha upepo upite.

Harufu ikiisha, tafuta kwa mwanga wa mchana: mpira wa kujazia mafuta uliopasuka chini ya kifuniko chake, klipu zilizolegea, mipira mikongwe iliyokakamaa, na mwisho tangi lenyewe. Tangi la alumini lililozungushiwa povu chini ya deki huliwa na chumvi kutoka nje, mahali usipoweza kuona. Kupima tangi kwa shinikizo, kulichomelea au kulitoa mwachie fundi. Tangi tupu la petroli lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Mashine inawaka vizuri lakini inakata nguvu baharini

Hapa wengi hukimbilia kubadilisha vipuri vya mashine wakati chanzo kiko kwenye mafuta. Chukua mafuta kutoka kwenye filta ya kutenganisha maji, weka kwenye chupa ya kioo, subiri dakika 15. Maji hukaa chini. Kisha fungua kifuniko cha kujazia mafuta mashine ikiwa inakohoa: ikipata nguvu, kipumulio cha tangi kimeziba. Halafu fanya jaribio moja linalomaliza ubishi: unganisha tangi dogo la kubeba lenye mafuta safi. Mashine ikienda vizuri, ubovu uko upande wa boti, kwenye mpira uliochanika ngozi ya ndani au vali iliyokwama kwenye tangi.

Bado inakosa nguvu? Pima kompresheni. Betri iwe imejaa, plagi zote zitolewe, mfumo wa cheche ukatwe, mkono wa gesi uwe wazi, izungushe mara nne au tano kwa kila silinda. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi takriban asilimia 10. Silinda moja iliyo chini sana inatosha kubadilisha mazungumzo yote ya bei.

Maji ya kupoozea yakitoka hafifu, safisha kwanza kitundu chake kwa waya mwembamba, kisha badilisha impela (feni ya mpira inayosukuma maji), kisha themostati. Ving'ora vya joto vikilia, zima. Usiizungushe mashine bila maji hata kwa nusu dakika, mpira wa impela huungua.

Oili ya gia ifunguliwe asubuhi, kabla mashine haijazungushwa. Legeza skrubu ya chini kidogo: yakitangulia maji, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, sili imepitisha. Kwenye boti za uvuvi mhalifu wa kwanza ni mshipi uliojisokota nyuma ya propela na kuikata sili ya shafti. Toa propela uangalie. Chembe za chuma zinazometameta kwenye oili zina maana gia zinajila, na hapo fundi wa mashine ndiye wa kusema.

Usukani na umeme

Usukani mgumu mara nyingi ni kebo iliyopata kutu ndani ya bomba la mashine. Kebo hiyo haitengenezwi, hubadilishwa. Wa haidroliki ukiwa laini kupita kiasi, una hewa au unavuja kwenye sili. Betri iliyopumzika na kujaa husoma volti 12.6 hivi, mashine ikizunguka ifike kati ya 13.5 na 14.5. Waya uliogeuka kijani au mweusi ndani ya ngozi yake ukatwe na kubadilishwa, kusafisha ncha tu hakusaidii.

Boti inaruka-ruka au inazamisha omo kwa kasi

Jaribu kwanza pembe ya mashine na mpangilio wa mizigo. Kisha, ikirudi nje, weka rula ya mita 1.5 kwenye tumbo, sehemu ya mwisho kuelekea tezi, pande zote mbili za mkuku. Panapaswa kunyooka. Mbonyeo wa milimita chache tu, mara nyingi uliosababishwa na trela isiyofaa, huisukuma omo chini. Uvimbe huifanya irukeruke.

Majaribio ya majini yawe ya saa moja angalau, na wimbi kidogo, mkiwa na maboya ya kuokolea na redio. Peleka mashine kasi kamili dakika chache na usome mizunguko: kwa mashine nyingi za nje inapaswa kufika kati ya 5,000 na 6,000, kulingana na kitabu chake. Mara tu mnaporudi, kabla ya kuzungumza bei, fungua ngama tena, mulika nyuma ya ukuta wa tezi, na upitishe kidole chini ya kila boliti ya mashine. Pakiwa na unyevu ambao haukuwepo asubuhi, rudi kwenye jaribio la kwanza.